Jumba la maduka linaishi kwa wanaokatiza

Niliwahi kufanya kazi ya ulinzi kwenye jumba la maduka la katikati ya mji, na hadi leo sijaacha tabia ya kuangalia milango. Nikiingia kwenye jumba lolote la aina hiyo, kabla sijatazama hata kioo kimoja cha duka, najiuliza: mlango huu unampokea mtu kutoka wapi, na ule wa upande wa pili unamtoa wapi? Marafiki zangu wanachoka kutembea na mimi.

Msimamizi wetu wa zamu alikuwa na watu wake wa kutazamwa. Vibaka, bila shaka. Vijana wanaokaa kwenye ngazi. Halafu kundi lililomkera kuliko yote: wakatizaji. Hao ni watu waliokuwa wanaingia kwa mlango wa upande wa stendi na kutokea mlango wa barabara kuu, asubuhi wakienda kazini na jioni wakirudi, mikono mitupu. Kwake walikuwa hasara inayotembea. Wanachafua sakafu, wanatumia choo, wanafaidi ubaridi wa bure. "Huyo hanunui," alikuwa akiniambia, "mwangalie tu asisimame."

Nilimwamini, kwa sababu nilikuwa mgeni kazini na yeye alikuwa na redio. Baadaye nilipoanza kujisomea historia ya majengo haya, ndipo nikaona kwamba mkatizaji alikuwapo kabla ya maduka yenyewe, na maduka ndiyo yaliyomfuata yeye.

Anza na Paris mwishoni mwa karne ya 18. Mitaa mingi haikuwa na njia ya kando ya waenda kwa miguu. Katikati ya mtaa unapita mfereji wa maji machafu, magari ya farasi yanakimbia, na anayetembea anajibanza ukutani akirushiwa matope. Wenye viwanja wakaona nafasi. Wakapasua ujia katikati ya majengo yao, kutoka mtaa huu hadi mtaa ule, wakauezeka kwa kioo, wakapanga maduka madogo kulia na kushoto. Passage des Panoramas, uliofunguliwa karibu na mwaka 1800, bado upo na unapitika. Bidhaa ya kwanza iliyouzwa pale, kama utaniruhusu, ilikuwa njia kavu ya mkato. Ukishamwingiza mtu ndani na viatu vyake ni safi na hana haraka ya kukimbia farasi, atatazama kofia, atatazama glavu, na siku moja atanunua.

Sasa angalia kilichoziua nyingi kati ya hizo. Kuanzia mwaka 1853 Georges-Eugène Haussmann aliipasua Paris kwa barabara pana zenye njia za kando na taa. Mtu akaweza kutembea nje bila kuchafuka, sababu ya kukatiza ndani ikapungua, na papo hapo yakawa yanakua maduka makuu kama Le Bon Marché ya Aristide Boucicaut, yenye bei zilizoandikwa na uhuru wa kuingia kuangalia bila kulazimika kununua. Ujia uliokuwa njia ya mkato ya kwenda mahali watu bado wanakokwenda ulidumu. Uliobaki unaelekea kusikokwenda mtu ukageuka stoo, au ukabomolewa.

London nako kuna Burlington Arcade, uliofunguliwa mwaka 1819, unaotoka Piccadilly hadi Burlington Gardens. Aliyeujenga ni Lord George Cavendish, na yasimuliwa kwamba alitaka kuzuia wapita njia wasimtupie maganda ya chaza kwenye bustani yake. Mimi Burlington naipenda kwa sababu ya walinzi. Hao ndio mababu wa kazi yangu. Wanaitwa Beadles, wanavaa kofia ndefu na koti refu, na wana kanuni za zamani za kusimamia: hakuna kupiga mluzi, hakuna kukimbia, hakuna kufungua mwavuli. Sisi hatukuwa na kofia, lakini orodha ya makatazo tulikuwa nayo, na nyingine hazikuwa na maana kubwa kuliko hiyo ya mluzi.

Kubwa kuliko zote za enzi hizo ni Galleria Vittorio Emanuele II ya Milan. Ujenzi ulianza mwaka 1865 na kumalizika mwaka 1877, na mbunifu wake Giuseppe Mengoni alianguka kutoka juu ya jengo akafa siku za mwisho kabisa za kazi, Desemba mwaka huohuo. Jengo lina umbo la msalaba, na mikono yake inafungukia mitaani kwa matao makubwa. Ukitoka kanisa kuu la Duomo kwenda jumba la opera la La Scala, njia ya kawaida kabisa ni kupita ndani ya Galleria. Anayekwenda kusali na anayekwenda kusikiliza muziki wanapishana mbele ya vioo vilevile. Prada ilianza humo kama duka la bidhaa za ngozi mwaka 1913. Zaidi ya karne moja na nusu imepita, tawala zimebadilika, nguo zimebadilika, na Galleria haijawahi kutafuta wapita njia, kwa sababu yenyewe ndiyo njia.

Tatizo moja hakuna aliyelitatua mapema, nalo ni ghorofa za juu. Mkatizaji hapandi ngazi. Mjini Providence, Marekani, kuna ujia wa maduka wa mwaka 1828 wenye ghorofa tatu, na tangu mwanzo wafanyabiashara wa chini walipata wateja kuliko wa juu. Mwaka 2013 jengo hilo lilipofunguliwa upya baada ya ukarabati, ghorofa mbili za juu zilikuwa zimegeuzwa vyumba vidogo vya kuishi. Miaka karibu 185 ya kubishana na miguu ya watu, na miguu ikashinda. Ngazi za umeme zilipokuja zilisaidia sana. Harrods, duka kuu la London, iliweka yake ya kwanza mwaka 1898, na husimuliwa kwamba waliopanda walipewa brandi juu kule ili kutuliza mishtuko. Nitalirudia suala la ghorofa nikifika Hong Kong.

Mtu aliyebadilisha kila kitu ni Victor Gruen. Alizaliwa Vienna mwaka 1903, Myahudi, msanifu majengo mchana na mchekeshaji wa jukwaani usiku, akawakimbia Wanazi mwaka 1938 na kutua New York, ambako alianza kwa kubuni maduka madogo ya kifahari. Alipotazama miji ya Marekani iliyokuwa ikisambaa kwa gari, alimkumbuka yule mtu wa Vienna anayetembea, anayekaa, anayesalimiana na jirani. Akataka kumjengea mahali. Tarehe 8 Oktoba 1956 likafunguliwa jumba lake la Southdale huko Edina, jimbo la Minnesota: maduka 72, maduka makuu mawili yaliyokuwa washindani yakiwa chini ya paa moja, ukumbi wa katikati wenye miti na ndege kwenye tundu kubwa, na joto la nyuzi 24 hivi kiangazi na kipupwe. Nje, maegesho ya magari zaidi ya 5,000.

Southdale huhesabiwa kuwa jumba la kwanza la aina yake, lililofungwa kabisa na kupozwa, na ndilo lililonakiliwa Marekani nzima. Gruen alikuwa amechora pia nyumba za kuishi, shule, hospitali, bustani na ziwa kulizunguka. Kilichojengwa kwa haraka ni kile kinacholeta pango. Frank Lloyd Wright, msanifu mwenye ulimi mkali, alilitembelea akalisema vibaya: lina maovu yote ya mtaa wa kijijini na halina uzuri wake wowote.

Lawama zangu kwa Southdale ni ndogo kuliko za Wright. Nasema tu kwamba jengo lile halina mkatizaji. Huwezi kulipita ukienda mahali pengine, maana hakuna mahali pengine. Kila aliyemo ndani aliamua nyumbani kwake kuwasha gari na kwenda pale. Mwenye jumba kama hilo anaishi kwa kuwapa watu sababu ya kuwasha gari, leo, kesho, na mwakani. Ndiyo maana anategemea duka kuu, lile wanaloliita nanga, analipangisha kwa bei ya kutupa ili livute watu, na wapangaji wadogo katikati ndio wanaolipa gharama halisi. Nanga ikiondoka, sababu ya kuwasha gari imeondoka.

Kwa nini yalijengwa mengi hivyo? Watu husema magari, barabara, na wazungu wa tabaka la kati kuhamia viunga vya miji. Kweli, lakini kuna jambo la kihasibu ambalo halizungumzwi sana. Mwaka 1954 Bunge la Marekani lilibadili sheria ya kodi ikamruhusu mwenye jengo jipya la biashara kuhesabu uchakavu wake kwa kasi katika miaka ya mwanzo. Yaani jengo linaingiza pango, huku kwenye vitabu linaonekana linapata hasara, na hasara hiyo inapunguza kodi ya mapato yake mengine. Miaka ikipita na faida hiyo ya kodi ikiisha, anauza, anajenga jingine. Utamu huo ulikuwa wa majengo mapya. Kukarabati duka la zamani katikati ya mji hakukupa kitu kama hicho. Kwa hiyo majumba mengine yalijengwa mahali ambapo hata wateja walikuwa bado hawajahamia. Walikuwa wanavuna kodi kwanza, wateja baadaye.

Katikati ya miji ikaanza kukauka. Na hapa Gruen, kwa haki yake, alijaribu kurudisha dawa kwa mgonjwa. Rochester, jimbo la New York, wenye maduka makuu mawili ya mjini, McCurdy's na Forman's, waliungana kumwita. Mwaka 1962 likafunguliwa Midtown Plaza, jumba la maduka lililofungwa kabisa, katikati kabisa ya mji. Chini yake maegesho ya magari karibu 2,000, juu yake mnara wa ofisi wa ghorofa 18, pembeni kituo cha mabasi. Ukumbini kulikuwa na Saa ya Mataifa, yenye visanduku kumi na viwili, na kila kisanduku kikifunguka vikaragosi vya taifa moja vinacheza. Msimu wa Krismasi watoto walizungushwa juu kwa juu kwenye treni ndogo ya reli moja. Wapangaji wa miji walikuja kutoka nchi nyingine kujifunza.

Katikati ya miaka ya 1990 maduka makuu yote mawili yalikuwa yamekwisha kufungwa. Mwaka 2008 Midtown ikafungwa, na mwaka 2010 ubomoaji ukaanza. Kilichobaki ni maegesho ya chini, ambayo mji uliyahifadhi na kuyatumia tena.

Nimefikiria sana habari ya Midtown, maana kwenye karatasi ilikuwa na kila kitu. Nadhani kilichoiponza ni kwamba ilijengwa kwa ajili ya mtu anayekuja na gari, anaegesha chini, anapanda juu, ananunua, anashuka, anaondoka. Ilikuwa Southdale iliyopachikwa mjini. Na wakati huohuo mji ulikuwa umejizungushia barabara kuu iliyochimbwa chini kama handaki, iitwayo Inner Loop, iliyotenganisha katikati ya mji na mitaa ya makazi iliyo jirani. Wale ambao wangekatiza kwa miguu kila siku walikatwa. (Miaka ya 2010 Rochester ilianza kuifukia barabara hiyo, upande wa mashariki kwanza. Mji unaotumia fedha kujaza shimo ulilotumia fedha kulichimba.)

Gruen mwenyewe alirudi Vienna mwaka 1968. Mwaka 1976 likafunguliwa kusini ya mji huo jumba kubwa la maduka la viungani, Shopping City Süd, la aina ileile aliyoikimbia Marekani. Mwaka 1978, kwenye hotuba yake London, alikataa hadharani kuitwa baba wa majumba hayo, akasema hawezi kulipia matunzo ya watoto wa haramu. Alifariki mwaka 1980.

Jumba linalonifundisha zaidi ya yote ni la Toronto, Eaton Centre. Timothy Eaton alifungua duka lake Yonge Street mwaka 1869, akiuza kwa fedha taslimu na bei moja kwa wote, na kumrudishia mteja fedha asiporidhika. Duka likakua likawa mtaa mzima wa majengo. Mwaka 1954 treni ya chini ya ardhi ikaanza kupita chini ya Yonge Street, na mali ya Eaton's ikajikuta iko kati ya stesheni mbili zinazofuatana, Queen kusini na Dundas kaskazini. Bahati ya namna hiyo hainunuliwi.

Mpango wa kwanza, wa miaka ya 1960, ulikuwa wa kikatili. Ulitaka kubomoa Ukumbi wa zamani wa Jiji na kubakiza mnara wake wa saa tu. Wananchi wakapiga kelele, na mwaka 1967 mpango ukaachwa. Ulipokuja mpango mpya miaka ya 1970, ulikuta kanisa dogo la Holy Trinity, la mwaka 1847, limekaa katikati ya kiwanja kama mzee aliyekataa kusogezwa kwenye foleni. Waumini waligoma kuondoka, na zaidi ya hapo wakadai kwamba majengo mapya yasiwazibie jua. Walipewa. Kanisa bado lipo, na jumba limekunja mgongo kulizunguka.

Mbunifu Eberhard Zeidler aliitazama Galleria ya Milan akaichora upya kwa chuma na kioo. Awamu ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1977, ya pili mwaka 1979. Duka jipya la Eaton's likawekwa mwisho wa kaskazini, juu ya stesheni ya Dundas. Upande wa kusini, daraja likavuka Queen Street hadi kwa mshindani wake wa miaka yote, Simpson's. Kati yao ukumbi mrefu wa paa la kioo wenye ghorofa kadhaa za maduka. Tazama ujanja wake: mtu anayeshuka treni stesheni moja akiwa na shughuli upande wa stesheni nyingine anaweza kutembea ndani, penye joto, nje theluji ikianguka. Hata anayekwenda ofisini. Hata anayekwenda kanisani. Wote wanapita.

Na ilikuwa na kasoro. Upande wa Yonge Street, mtaa uliomlea Timothy Eaton, jumba liliweka ukuta uliojifungia, maduka yakitazama ndani. Ilichukua miaka mingi na ukarabati kufungua milango na vioo vya kutazama mtaani. Sielewi kwa nini kila kizazi cha wajenzi lazima kijifunze hili upya.

Kuna kisa cha bata bukini lazima nikisimulie. Msanii Michael Snow alitengeneza bukini 60 wa kuning'inia chini ya paa la kioo, kundi zima linaonekana linatua. Krismasi ya mwaka 1982 uongozi ukawafunga utepe mwekundu shingoni. Snow akaenda mahakamani, akisema ni sawa na kuitundikia hereni Venus de Milo, ile sanamu maarufu ya kale ya Ugiriki. Akashinda, tepe zikaondolewa. Kesi hiyo bado inatajwa kila panapojadiliwa haki ya msanii kulinda kazi yake hata baada ya kuiuza. Kama mlinzi, namuwaza yule aliyetumwa kupanda ngazi kuzifunga tepe zote, na kisha kupanda tena kuzifungua.

Lakini sababu ya kuiweka Toronto mbele ni hii. Mwaka 1999 Eaton's, kampuni iliyolipa jumba jina lake, ilifilisika. Nanga imekufa. Sears ikaingia mahali pake, ikafunga mwaka 2014. Nordstrom ikaingia mwaka 2016, ikaondoka mwaka 2023. Ng'ambo ya daraja, Simpson's ilikuwa imegeuka Hudson's Bay, na mwaka 2025 Hudson's Bay nayo ikafunga maduka yake yote nchini. Jumba la viungani lingekufa mara ya kwanza. Hili bado hutajwa miongoni mwa majumba yenye watu wengi kuliko yote Amerika Kaskazini, kwa sababu nanga zake halisi zilikuwa stesheni mbili, na stesheni hazifilisiki.

Sasa turudi kwangu kidogo. Jumba nililofanyia kazi lilikuwa na milango miwili mikubwa na mmoja wa nyuma. Huo wa nyuma ulikuwa wa wakatizaji hasa. Siku moja uongozi uliamua kuufunga: wizi mdogo ulikuwa umeongezeka, na mlango mmoja pungufu ni walinzi wawili pungufu. Waraka ukabandikwa, mnyororo ukawekwa. Walioumia ni wenye fremu za nyuma. Fundi viatu, mama wa vitambaa, kijana wa kuchapisha picha. Mama wa vitambaa alinifuata kana kwamba ufunguo ulikuwa wangu. "Mwanangu," aliniambia, "wale mnaosema hawanunui, walikuwa wananunua Ijumaa." Aliwajua. Mkatizaji anaona kitambaa Jumatatu, anakiwaza Jumanne, anauliza bei Jumatano, mshahara ukitoka anasimama. Ukimhesabu Jumatatu, utaandika hanunui. Fundi viatu alihama. Mlango ulikuja kufunguliwa tena wakati mimi nimeshaondoka, na mwenye kunipa habari ni huyohuyo mama.

Nisije nikaonekana nimegundua kanuni isiyokosea. Philadelphia waliijenga The Gallery mwaka 1977, kazi ya mjenzi wa majumba ya maduka James Rouse, juu kabisa ya treni, na wakatizaji walikuwa maelfu. Bado ilichakaa, ikafungwa kwa ukarabati mkubwa mwaka 2015, ikarudi na jina jipya mwaka 2019, na hata hilo jina jipya halikuleta shangwe iliyotarajiwa. Mimi naona kuta zake ndefu zisizo na milango upande wa Market Street ziliiponza. Treni ilileta watu chini, lakini mtaa wa juu uliokufa ganzi hauwezi kufaidi jumba wala jumba kuufaidi. Wengine watasema ni umaskini wa mji wakati ule, au ubaguzi wa wanunuzi weupe walioogopa kuja. Sitabishana nao, yote yanaingia.

San Diego ni kisa kingine. Horton Plaza, iliyofunguliwa mwaka 1985, ilibuniwa na Jon Jerde ikiwa na rangi kama za sarakasi, madaraja ya mshazari, ngazi zisizokutana, ghorofa za kuegesha gari zilizopewa alama za matunda na mboga ili ukumbuke ulipoacha gari. Watu walipotea humo, na kupotea kulikuwa sehemu ya biashara. Mwaka wa kwanza walifika watu milioni 25. Lakini mtu anayepotea huja kama mtalii. Mtu anayewahi kazini hakatizi mahali anapopotea. Shauku ilipoisha, hakukuwa na sababu nyingine ya kuingia, na mwaka 2018 jumba liliuzwa kwa wawekezaji waliotaka kuligeuza ofisi.

Hong Kong ndiko walikojibu lile swali la ghorofa. Kampuni ya reli ya mji, MTR, hujenga stesheni pamoja na maduka na nyumba juu yake, na mapato ya majengo husaidia kulipia reli. Kwa hiyo mwenye treni na mwenye jumba mara nyingi ni mmoja, na hana sababu ya kumchukia mkatizaji. Kuhusu kupanda juu, angalia Langham Place ya Mong Kok, iliyofunguliwa mwaka 2004, ambayo Jerde huyohuyo alishiriki kuibuni. Ina ngazi za umeme ndefu zinazoruka ghorofa nne kwa mkupuo. Unapelekwa juu kabla hujaamua, halafu unashuka kwa miguu ukizunguka, ghorofa moja baada ya nyingine, ukipita kila duka. Wajapani waliutumia ujanja wa jamaa moja na huo siku nyingi kwenye maduka yao makuu, kwa kuweka maonyesho ghorofa ya juu kabisa ili watu washuke kama maji ya bomba la mvua. Mkatizaji anayeshuka. Watu wa Providence wangelia.

Lipo bado swali lililokuwa likinisumbua zamu za usiku, nikiwa nimesimama kwenye korido tupu: kama jumba limekuwa njia, njia hiyo ni ya nani? Mahakama za Marekani zimelijibu kwa namna mbili. Mwaka 1968 vijana waligawa vikaratasi vya kupinga vita vya Vietnam ndani ya Lloyd Center ya Portland, jumba la mwaka 1960 lililokaa juu ya mitaa mingi ya mji. Walinzi waliwaambia watoke. Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura tano dhidi ya nne, ikasema mwenye jumba ana haki, hii ni mali ya mtu. Kisha mwaka 1980, katika kesi ya wanafunzi waliofukuzwa PruneYard huko California walipokuwa wanakusanya saini, mahakama hiyohiyo ikakubali kwamba katiba ya jimbo inaweza kuwapa watu haki zaidi, na ya California iliwapa. Kwa hiyo kijana mwenye fomu ya saini anaweza kuwa na haki ya kusimama kwenye jumba la jimbo moja, na kwenye jumba la jimbo la jirani akawa mvamizi.

Liverpool nako, mwaka 2008, lilifunguliwa eneo la Liverpool One, mitaa ya wazi isiyo na paa wala mlango, na mgeni anaweza kulipita lote bila kujua ameingia. Ardhi ilikodishwa kwa kampuni ya Grosvenor kwa miaka 250. Wanaopita ni walewale waliokuwa wakipita mitaa hiyo zamani, ila sasa wapo walinzi wenye sare za mwenye mali. Ningependa sana kuusoma mwongozo wao wa kazi, hasa ukurasa unaoeleza la kumfanyia mtu ambaye hanunui kitu na hajavunja sheria yoyote. Wetu ulikuwa na mstari mmoja tu juu ya mtu huyo: aombwe kuendelea na safari.